Mugisha, Jina la Kuazima

Watu wa Kagoma wanaomkumbuka Joviana binti Rwegasira watakwambia alikuwa na ulimi mkali. Ni kweli, alikuwa nao. Lakini waulize huo ukali ulianza lini, utawaona wanakohoa na kutazama migomba. Basi nikuambie mimi. Ulianza Desemba ya mwaka wa Uhuru, siku aliponyang'anywa jina lake mbele ya watu, akiwa mtoto wa miaka saba.

Kabla yake Rwegasira alikuwa na mabinti wawili, Kemilembe na Kokushubira. Majina ya kike kabisa hayo. Ukisikia jina la Kihaya limeanza na Ke au Ko unajua huyo ni wa kuolewa, ataondoka, na kibanja cha baba yake, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, atakuwa akikiona siku za misiba. Mkewe, Ephrasia, alipobeba mimba ya tatu, Rwegasira aliona sasa imetosha. Akaliweka jina la Mugisha tayari. Mugisha maana yake ni baraka, na kwetu ni jina la yeyote, mwanamke au mwanamume. Lakini kwa Rwegasira halikuwa baraka ya hivi hivi tu. Mugisha ndiye aliyekuwa babu yake, mtu aliyekifungua kile kibanja kwa mikono yake mahali palipokuwa nyasi tupu. Mwenye jina hilo ndiye angekirithi.

Akazaliwa msichana, akabatizwa Joviana.

Wazee wa ukoo walipokuja kunywa rubisi, pombe ya ndizi ya kumpokea mtoto, walidhani Rwegasira atatafuta jina jingine la ukoo. Akawaambia jina ni lile lile. "Ni la wote," alisema. "Kosa liko wapi?" Wakatazamana, wakanywa. Kilichokuwa moyoni mwake hakuwaambia. Ephrasia peke yake ndiye aliyejua, maana mumewe alimwambia chumbani kwamba jina likiitwa kila siku katika mji ule, litamvuta mwenyewe aje. Huyu wa kike angelishikilia tu kwa muda, kama mtu anavyomshikia mwenzake nafasi kwenye benchi la kanisa. Ephrasia akamgeuzia mtoto titi la pili. Alikuwa mgonjwa wa uzazi, na alikuwa mke aliyezaa wasichana watatu. Angesema nini?

Mtoto alijuaje, sasa? Alichojua yeye ni kwamba baba akiita "Mugisha!" ni yeye anayeitwa, na kwamba dada zake waliitika "Abee" lakini yeye alifundishwa kuitika "Naam." Alimfuata Rwegasira kila mahali. Alijifunza ni chipukizi lipi la mgomba linaachwa na lipi linang'olewa, ni jani lipi limekwisha kazi, na mbuni unapogolewa vipi ili ujae mwakani. Ndizi zilipoiva za kutengeneza rubisi, Rwegasira alimnawisha miguu, akamtia ndani ya mtumbwi wa kukamulia pamoja naye, wakazikanyaga wote wawili. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Wapita njia walisimama wakacheka, na Rwegasira akawajibu kwamba Mugisha wake ana miguu mizito kuliko vijana wao.

Halafu kulikuwa na senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Siku hizo senene walikuwa chakula cha wanaume. Wanawake waliwakamata, waliwanyonyoa mabawa, waliwakaanga nyumba nzima ikanukia, kisha wakamwandalia mume sahani na kurudi jikoni mikono mitupu. Ephrasia alikuwa mtu mzima, alikuwa na meno yote kinywani, na hakuwahi kuwaonja. Joviana aliwala. Alikaa kwenye nyasi miguuni pa baba yake, akakinga kiganja, na baba akamwekea. Dada zake walimtazama kutoka mlango wa jikoni. Hakuwaonea huruma, nami sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Alijiona yeye ni Mugisha na wale ni wale.

Basi ikaja ile Desemba. Bendera mpya ikapandishwa, watoto wa shule wakaimba mpaka sauti zikakauka, senene wakaanguka kwa wingi, na Ephrasia akajifungua mtoto wa kiume. Mwaka ule nusu ya vichanga vya Muleba na Bukoba viliitwa Uhuru. Majirani wakamshauri Rwegasira naye amwite wake Uhuru. Akacheka. "Uhuru ni wa kila mtu," alisema. "Mimi nina jina langu."

Watu walijaa nyumbani. Nyasi mpya zilitandazwa ndani, rubisi ikamiminwa, na Rwegasira akamnyanyua mtoto juu mbele ya ukoo wake. "Leo jina limempata mwenyewe," alisema. "Huyu ndiye Mugisha."

Joviana alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha rubisi mikononi, maana alitumwa kuwaongezea wazee. Alidhani baba anatania. Akasema, kwa sauti ya mtoto anayemkumbusha mtu mzima jambo dogo alilosahau, "Tata, Mugisha ni mimi."

Loo, walicheka wale watu. Walicheka kwa raha, kama wanavyocheka watu walioshiba. Rwegasira naye alicheka. "Ulikuwa unamshikia," alimwambia. "Umemshikia vizuri. Sasa mwachie mwenzako."

"Na mimi nitaitwa nani?"

Hapo ndipo pabaya, na hapo ndipo Joviana hakusamehe maisha yake yote. Baba yake hakuwa na jibu. Alikuwa ameliwaza jina la yule mvulana miaka na miaka, na hakuwa amewaza hata kidogo binti atabaki na nini. Aligeuka huku na huku akiwatazama watu, mpaka shangazi mmoja aliyekuwa anatafuna kahawa akasema bila kuinua macho, "Mwiteni Kokugonza. Dada zake wana majina yao ya kike, na yeye awe na lake." Wakasema haya, Kokugonza. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ng'ombe.

Jioni ile senene waliletwa. Joviana alikwenda akakaa mahali pake pale pale miguuni pa baba, akakinga kiganja. Rwegasira alimtazama, akaitazama sahani, akala. Mtoto akaendelea kukinga mkono. Mwisho Ephrasia alitoka jikoni akamshika bega akamwondoa.

"Usililie jina, mwanangu," Ephrasia alimwambia kule jikoni. "Jina si shamba."

Alisema uongo, na alijua kwamba ni uongo.

Kwa siku nyingi Joviana hakuitika Kokugonza. Walimchapa, hakuitika. Bali baba yake akiita "Mugisha!" akimbembeleza yule kichanga, binti aliyekuwa uani angeruka na "Naam" yake, na Rwegasira angejibu, "Si wewe." Ukimuuliza Joviana ni maneno gani aliyoyasikia zaidi utotoni, angekwambia ni hayo mawili. Si wewe. Mwisho alichoka, kama mtu yeyote anavyochoka, akaitika Kokugonza. Akafundishwa na kusema "Abee."

Aliambiwa pia asitie tena mguu kwenye mtumbwi wa rubisi, eti mwanamke akikanyaga ndizi, rubisi inaharibika. Miguu ilikuwa ile ile, ndizi zile zile. Kitu pekee ambacho hawakumnyang'anya ni kazi. Kazi hakuna aliyeigombania. Alimbeba mdogo wake mgongoni huku akipogoa migomba, na mdogo wake alipokua akaenda shule kwa kaptula iliyopigwa pasi, yeye aliachishwa darasa la nne ili kahawa isiozee mitini. Mvulana hakuwa mbaya, nisimseme vibaya. Alikuwa mtoto aliyeambiwa tangu azaliwe kwamba kila anachokiona ni chake, naye akaona hakuna haja ya kukishika. Mpaka anamaliza shule ya msingi hakujua kuutofautisha mgomba wa rubisi na wa kupika. Akitumwa ndizi za chakula, Joviana ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

Ikafika miaka ya vijiji. Kagoma hatukuhamishwa kwenda popote, maana tulikuwa tumeshabanana toka enzi za mababu. Tulitangaziwa tu kwamba tangu leo ninyi ni kijiji. Shamba la ujamaa likapimwa kule kwenye uwanda wa nyasi, pale pale ambapo wanawake walikuwa wakilima njugumawe zao. Wanawake wakasema asante, wangefanya nini. Kisha akaja katibu mmoja wa chama kutoka wilayani, kijana msafi mwenye sauti nzuri, akahutubia uwanjani kwamba binadamu wote ni sawa, unyonyaji umekwisha, na ardhi ni ya yule anayeifanyia kazi.

Joviana alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa ametoka kukanyaga udongo wa baba yake asubuhi hiyo na jembe alikuwa nalo begani. Akasimama. Watu wakageuka, maana msichana hasimami kwenye mkutano.

"Ndugu Katibu," alisema, "naomba kuuliza. Kuna kibanja ambacho mimi ndiye ninayekifanyia kazi. Je, ni changu?"

Watu wakaguna. Rwegasira alikuwa mstari wa mbele pamoja na wazee, na shingo yake haikugeuka. Katibu alitabasamu kwanza, maana alidhani amepata mfano mzuri wa hotuba yake. Mwenyekiti akamnong'oneza. Tabasamu likapungua taratibu.

"Swali zuri, ndugu," alisema. "Lakini vibanja vya ukoo ni mambo ya ukoo. Chama hakiwezi kuingia ndani ya migomba ya mtu." Akamwomba aende akawahimize akina mama wenzake kule kwenye shamba la ujamaa. Watu wakapiga makofi. Sijui walipigia nini.

Njiani Rwegasira alimwambia, "Umeniaibisha."

"Nimeuliza tu, tata."

"Ulitaka jibu gani?"

Akahamishia jembe bega la pili. Alilitaka lile ambalo baba yake mwenyewe angeweza kumpa bila katibu, bila mkutano, bila mtu yeyote. Mwaka uliofuata alipokuja kuposwa na Karugendo wa Kitendaguro, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini, alikubali upesi kiasi kwamba mama yake alihisi binti ameudhika. Alikuwa ameudhika, ndiyo. Asubuhi ya kuondoka alipita kwenye migomba akiishika mmoja mmoja, kisha akapanda basi la Bukoba bila kulia.

Karugendo alikuwa mtu mpole, hana makuu. Baba yake alikwishafariki, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mzee wa kuwatawala. Walilima kijishamba nyuma ya nyumba, na Joviana alikitunza mpaka majirani wakaja kuomba machipukizi. Huko ndiko mdogo wake alikokuja kumtembelea, kijana sasa, kidato cha nne, suruali pana miguuni. Joviana alimpokea vizuri, akampikia, akamwambia, "Kula basi, Mugisha."

Kijana akakunja uso. "Niite Ildefons, dada. Ndilo jina langu la ubatizo. Mugisha siku hizi silitumii, shuleni wenzangu walinicheka. Wanasema ni la kishamba, na hata wasichana wanaitwa hivyo."

Joviana aliacha kupakua. "Hulitumii," alisema.

"La nini? Mimi naenda Dar es Salaam nikimaliza. Nitarudi Kagoma kufanya nini?"

Alimwongezea mboga. Ilibidi mikono ifanye kitu. Miaka yote ile alikuwa akijifariji kwamba jina lake lipo mahali, linavaliwa na mtu, hata kama si yeye. Kumbe lilikuwa limetupwa tu, kama nguo ya sikukuu anayopewa mtoto asiyeipenda. Alimsindikiza mdogo wake mpaka kituo cha basi, akamtakia heri, akarudi nyumbani akamgombeza Karugendo kwa sababu ya ndoo.

Novemba ya mwaka themanini, senene walipokuwa wakianza kuanguka, Joviana alijifungua mtoto wa kike. Karugendo alifurahi kweli. Alikaa kando ya kitanda akiyajaribu majina mdomoni. "Tumwite Asimwe," alisema. "Au Alinda. Majina ya wote, yeyote anayaweza. Dunia imebadilika, mke wangu. Asianze maisha huku jina limeshamwambia mahali pa kukaa."

"Tusubiri," Joviana alisema.

"Tusubiri nini?"

Hakujua. Ila kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, mlangoni alisimama Rwegasira, amezeeka, ana mkungu wa ndizi aliosafiri nao kwenye basi kutoka Kagoma. Joviana aliutambua mgomba uliotoa mkungu ule. Karugendo akamkaribisha mkwewe kwa heshima, akamletea kahawa ya kutafuna. Mzee alitafuna, akampokea mjukuu, akamtazama muda mrefu.

"Mdogo wako hatarudi," alisema mwishowe. "Ameniambia mwenyewe, uso kwa uso. Jina pia amelikataa."

"Najua."

"Mji utakufa, mwanangu. Migomba imeingiwa na nyasi. Mimi sina nguvu." Akamgeukia Karugendo. "Nakuomba, mkwe. Najua mtoto ni wa ukoo wako. Lakini huyu nimpe mimi jina. Aitwe Mugisha. Nimeshaongea na wazee wangu. Mwenye jina atapata mahali pake pale, na mama yake atakuja kupatunza. Ni jina la wote, halimkatai."

Karugendo hakusita. "Jina nimemwachia mama yake," alisema, akamtazama mkewe kwa macho ya furaha, maana alijua habari yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliona haki imekuja kwa miguu yake yenyewe, imebeba ndizi.

Naye Joviana, usidhani hakutaka. Alitaka mpaka kifua kikamwuma. Aliiona migomba ile, akauona ule mtumbwi wa rubisi, akamwona binti yake anakanyaga ndizi ndani yake na hakuna wa kumtoa. Neno moja tu, na vyote vingekuwa vyake. Alifungua kinywa kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameshalipokea jina hilo mara moja, akachekwa nalo.

"Tata," alisema, "na Ildefons akibadili mawazo? Akirudi mwaka kesho na mke na mtoto wa kiume?"

Rwegasira aliacha kutafuna. Hakuwa mwongo, yule mzee. Uongo aliukosa hata pale ulipohitajika. "Yule ni mwanangu," alisema. "Akirudi, tutaona."

"Tutaona," Joviana alirudia.

Karugendo aliinamisha kichwa. Naye alikuwa amelisikia neno hilo.

Joviana akaenda jikoni, akarudi na sahani ya senene, akaiweka mbele ya baba yake kama inavyopasa. Kisha akachota kiganja kizima, akatia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna mbele yao bila haraka mpaka akameza. Hawakuwa watamu kama alivyokumbuka.

"Huyu anaitwa Kokugonza," alisema.

"Hilo ni jina lako wewe."

"Mlinipa ninyi. Nimekaa nalo miaka yote hii, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kulitamani. Huyu nampa jina ambalo mdogo wake wa kiume hatalihitaji, binamu yake hatalihitaji, na mtu hatakuja kulidai siku ya sherehe mbele ya watu. Atakufa nalo."

Rwegasira alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake. Alikunywa maji, akashukuru, akachukua fimbo yake akaondoka kuwahi basi. Alipofika njiani, karibu na ua wa jirani, aligeuka akaita. Hakuita Joviana wala Kokugonza. "Mugisha!" aliita, kwa ile sauti ya zamani ya ndani ya migomba.

"Naam," kinywa cha Joviana kilijibu, kabla yeye mwenyewe hajawahi kukizuia.

Mzee alisimama pale akingoja. Labda alidhani amepata. Joviana aliuma midomo, akaingia ndani, akafunga mlango, na kilio alichokikataa siku ya basi la Bukoba kikamjia chote. Karugendo alimshika mtoto ili asidondoke.

Rwegasira alikufa kabla ya masika kuisha. Ildefons alikuja kuzika, akarudi Dar es Salaam na basi lililofuata, na ukoo ukampa kibanja binamu mmoja ambaye aliikata mibuni yote ili apande kitu kingine, kisha hakupanda. Joviana alikwenda msibani akapita pale kama mgeni, akinyoosha kanga yake isishikwe na magugu. Hakusema kitu, na kwa mtu mwenye ulimi kama wake watu walishangaa.

Kokugonza amekua. Ni msichana mzima, ana afya na ana ulimi kama wa mama yake. Jina ni lake, halijawahi kuguswa na mtu. Na halina hata mgomba mmoja.